Kompyuta Chumbani kwa Baba Mkwe

Kazi yangu ni kutoboa matundu ambayo hayapo, kwenye betri ambayo haipo, kwa kutumia kompyuta ambayo mara nyingi nayo ni kama haipo kwa sababu umeme umekatika. Nimeifanya kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema mbele ya wanangu. Inaitwa shahada ya uzamivu.

Nieleze kidogo, maana baba mkwe wangu naye ilibidi aelezwe. Betri ya lithiamu, kama ile ya simu, ukiifungua (usiifungue) ina karatasi nyembamba za chuma zilizopakwa tope jeusi. Tope hilo ndilo elektrodi. Unapochaji, lithiamu husafiri ndani ya kimiminika na kupenya katikati ya chembe za tope, kama maji ya mvua yanavyopenya kwenye gunia la kokoa lililosahauliwa nje. Ukipaka tope jembamba, lithiamu inafika chini upesi, ila betri inabeba kidogo. Ukipaka tope nene, betri inabeba sana, lakini ukiichaji kwa haraka lithiamu inasongamana juu, haifiki chini, na betri inaanza kuharibika. Dawa mojawapo ni kulitoboa tope matundu madogo sana kwa leza, ili lithiamu ipate njia. Swali linabaki: matundu mangapi, mapana kiasi gani, na ya umbo gani? Kila tundu unalotoboa ni tope umelitupa. Chuo chetu hakina leza. Kwa hiyo mimi natoboa kwa hesabu.

Katika makala niliyotuma kwenye jarida moja nilidai kwamba tundu la umbo la faneli, pana juu na jembamba chini, linalishinda tundu lililonyooka. Mhakiki mmoja akaandika kwamba jambo hilo linavutia, ila nimelichukulia tope kana kwamba ni uji laini, wakati tope la kweli lina chembe kubwa na ndogo zilizokaa ovyo. Aliomba nirudie hesabu na chembe zenyewe, moja moja. Alikuwa sahihi, jambo ambalo sikumsamehe. Chuo kilitaka makala moja iliyokubaliwa kabla ya kuniruhusu kutetea tasnifu. Muda wangu wa usajili ulikuwa umeongezwa mara zote unazoweza kuongezwa. Jarida lilitaka majibu kabla ya Ijumaa kwisha. Bila hesabu hiyo hakuna makala, bila makala hakuna utetezi, na bila utetezi ningebaki mwanamke wa makamo anayejua mambo mengi kuhusu matundu.

Ndipo dada mkubwa wa baba mkwe akafariki, huko Bujonde, Kyela, kijijini kwao.

Kompyuta kubwa ya idara ilikuwa imeungua na inasubiri kifaa, kwa hiyo hesabu nilikuwa nimeianzisha kwenye kompyuta yangu ya mkononi, yenye feni inayovuma kama mashine ya kukoboa mpunga. Nikasafiri nayo. Tulizika kwenye mvua. Mume wangu alikaa kidogo, akapeana mikono na kila mtu, akarudi kazini. Mkwe wa kike harudi kazini. Mkwe wa kike ndiye anayepika. Na kwa kuwa mvua za Kyela hazinyeshi kama za watu wengine, jioni ile ile nguzo ya umeme ililala barabarani, na kijiji kizima kikabaki na taa za mafuta na moja ya sola.

Hiyo moja ilikuwa ya baba mkwe. Aliuza kokoa, akaenda mjini Bondeni kwenye duka la vifaa vya umeme la mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani, akarudi na paneli, inveta na betri ya lithiamu iliyofungwa blanketi kama mtoto mchanga. Betri aliiweka chumbani kwake, pembeni ya kitanda, kwa kuhofia wezi.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Hawakai pamoja, hawatazamani, hawasemezani, hawapishani njiani. Kinyakyusa kina neno lake, ukutila, ambalo ni kuogopa na kuheshimu kwa mpigo mmoja. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Utawakuta wakwe sebule moja wanatazama taarifa ya habari. Ya mume wangu haijalegeza. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, na wakati naolewa nilidhani dini ingenisaidia, lakini inasemekana mchungaji alipomgusia, alijibu kwamba hajaona mahali Biblia inapomtaka amtazame mke wa mwanawe. Kwa hiyo baada ya ndoa ya miaka yote hii namjua kwa kikohozi. Akitaka kupita uani anakohoa, nami najitupa nyuma ya jiko na khanga usoni. Nimewahi kujitupa hivyo nikiwa na sufuria ya maharage.

"Mama," nilimwambia mama mkwe tukipeta mchele, "hii kompyuta inatakiwa iwake bila kuzimwa mpaka Ijumaa."

"Inafanya nini?"

"Hesabu."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, mama."

"Sasa wewe walikupeleka chuo kufanya nini?"

 Mama mkwe alipangusa mikono, akaniongoza hadi chumba chake, ambacho kinapakana na cha mzee. Ukuta ule ni wa matofali, ila haufiki kwenye bati. Sauti inapita juu yake kama vile haupo. Akagonga.

"Mzee! Mkwe anaomba kompyuta yake iwekwe kwenye betri yako."

"Nimesikia," ilisema sauti ya upande wa pili. "Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia," mama mkwe aliniambia.

"Ahsante, mama."

"Anasema ndaga fijo," aliuambia ukuta.

"Muulize, inakula sana?"

"Anauliza inakula sana?"

Nilijibu kwa uaminifu wa kitaaluma kwamba inakula kama taa sita au saba zinazowaka mfululizo.

"Anasema inakula kidogo," mama mkwe aliuambia ukuta.

 Mzee ana masikio mazuri.

"Muulize tena. Hizo hesabu ni za nini?"

Nikaeleza yale niliyoyaeleza hapo juu, kwa kirefu zaidi, pamoja na faneli. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, akaugeukia ukuta.

"Anatoboa betri."

"Mwambie," ilisema ile sauti, taratibu, "asije akaitoboa yangu."

Mama mkwe aliichukua kompyuta ikiwa wazi kama sinia la chai, akaenda kuichomeka. Nilimwomba isizimwe wala isiguswe. Siku hiyo nilipika kwa moyo mweupe. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba hata feni ile ya kukoboa mpunga haikusikika.

Kesho yake asubuhi nilimwomba mama mkwe aulize maendeleo.

"Mzee, kompyuta inaendeleaje?"

"Imetulia."

"Anasema imetulia."

Jioni ilikuwa imetulia. Asubuhi iliyofuata ilikuwa imetulia kabisa, haina fujo. Mzee aliongeza kwamba ameacha kusikiliza redio ili betri itoshe, na taa ya chumbani anaizima mapema. Nisiwe na wasiwasi. Mama mkwe alinifikishia maneno hayo kwa ukamilifu, akaongeza la kwake kwamba mzee bila redio ni mtu wa kuuliza maswali mengi. Nilishukuru. Nilisema ndaga fijo mimi mwenyewe, kwa sauti, hadi akina mama wengine waliokuwa wakimenya ndizi wakacheka matamshi yangu.

Siku ya tatu nikataka namba. Programu yangu huandika kwenye kioo imefika asilimia ngapi. Nilimwomba mama mkwe amwombe mzee aisome. Mama akaomba. 

"Mzee?"

"Mwambie imetulia."

"Anataka namba iliyoandikwa."

"Hakuna namba."

Mama mkwe alinitazama, akatoka, akazunguka nyumba. Nilimsikia akiingia upande wa pili. Nikasikia wakisemezana Kinyakyusa cha haraka ambacho mimi, mtu wa kuja, hupata neno moja katika matano. Akarudi, akakaa kitandani, akavua kandambili.

"Imefungwa," alisema.

"Imefungwa vipi?"

"Imefungwa kama Biblia."

Kompyuta ya aina yangu ukiifunga inalala. Haipotezi kitu, inasubiri tu ulipoiachia, kwa adabu. Ilikuwa imelala tangu dakika za mwanzo za siku ile ya kwanza. Mzee alikuwa ameacha redio, ameacha taa, amekaa gizani na msiba wake, akitunza umeme kwa ajili ya kompyuta iliyosinzia.

"Kwa nini ameifunga, mama?"

Mama mkwe alitafuta namna ya kulisema. Nimemwona akiwaambia watu habari za vifo kwa wepesi zaidi.

"Umo ndani," alisema.

Ilichukua muda kuelewa. Binti yangu aliipanga kompyuta hiyo kwamba ikikaa bila kuguswa ioneshe picha. Ya kwanza ni ile aliyonipiga Matema, ufukweni, tulipokwenda kuogelea. Ni uso wangu, kioo kizima, mabega wazi, ninacheka kwa meno yote. Baba mkwe alikuwa amekaa kitandani mwake akitazama mistari ya namba kwa heshima, mara mistari ikapotea, na mkwe aliyemkwepa tangu siku ya harusi akamtokea chumbani, amelowa, akimchekea.

Kwa maelezo ya mama, aligeuza uso ukutani, akanyoosha fimbo nyuma yake na kukishusha kifuniko kwa ncha. Kisha hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kusema kwamba kompyuta imefungwa kungeleta swali la kwa nini imefungwa, na jibu la swali hilo ni kwamba ameniona. Kwa hiyo alisema imetulia, na kwa kweli ilikuwa imetulia.

"Mwambie samahani," ilisema sauti ya upande wa pili, chini sana.

"Anasema samahani," alisema mama.

"Mwambie kosa ni langu," nilisema.

"Anasema kosa ni lako," mama mkwe aliuambia ukuta. Akasikia alichokisema, akarekebisha. "La kwake. Anasema la kwake."

Nililetewa kompyuta jikoni. Niliondoa picha, nikaiamuru isilale hata ikifungwa. Mambo mawili ya dakika moja, ambayo mtu mwenye shahada mbili angeyafanya kabla ya kuondoka nyumbani. Hesabu iliamka ilipoachia. Nikapiga makisio: ikienda mfululizo bila kusimama, ingemaliza Ijumaa mchana. Ikisimama hata nusu siku, ningemwandikia msimamizi wangu barua ya kumshukuru kwa yote.

Kompyuta ilirudi kwa mzee, na kuanzia hapo mzee alibadilika. Alihamishia kiti mbele ya kompyuta. Watu waliokuja kutoa pole walikaa chini ya turubai mbele ya nyumba, naye alikaa nao, lakini kila baada ya muda alinyanyuka, akaingia chumbani, na sauti yake ya kusomea matangazo ya kanisani ikasikika juu ya ukuta.

"Mwambie, sitini na mbili."

"Sitini na mbili," mama alinirudishia.

"Mwambie, sitini na mbili bado."

"Bado."

Alhamisi jua halikutoka kabisa. Paneli ikawa pambo la bati. Na msiba, kama misiba yote, ulikuwa na simu. Kila mfiwa na kila mgeni alikuwa amechomeka simu yake kwenye inveta ya mzee. Waya zilikuwa zimetambaa kutoka dirishani hadi kwenye benchi, simu zimejipanga kama samaki wa kukaushwa. Mchana yule mfanyabiashara wa Bondeni alifika kutoa pole, akiwa na kofia yake ya kitambaa na mkebe wa biskuti. Nilikuwa jikoni, nikayasikia yote.

"Pole sana, mzee wangu. Na ile betri inakuhudumia?"

"Inasoma."

"Inasoma nini?"

"Chuo kikuu."

"Mbona taa ya inveta inawaka nyekundu? Nilikwambia usiiache ifike chini kabisa. Punguza mzigo, mzee."

 Mzee akakohoa, si kile kikohozi cha kunionya mimi, kingine.

"Ndugu zangu, naomba kila mtu achukue simu yake."

"Mzee, yangu ina chaji moja tu," alilalamika mmoja.

"Chukua na hiyo moja."

"Mimi nasubiri simu kutoka Mwaya, wajomba wanaleta mchele!"

"Wakifika utawaona."

"Kwani kuna nini humo ndani?"

"Mkwe wangu anatoboa matundu," alisema mzee, "na hayajaisha."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Nadhani walidhani ni ugonjwa. Jioni ile wanawake wawili walikuja jikoni kunipa pole ambayo haikuhusu msiba, na mmoja alinisisitiza ninywe maji mengi.

Ijumaa mawingu yalifunguka kidogo asubuhi, yakafunga, yakafunguka. Mchana mama mkwe alikwenda shambani kutazama kama mafuriko yamefika kwenye kokoa. Hakuwa amekaa sana huko nilipoacha wali motoni nikaingia chumbani kwake kusikiliza, na nikamsikia mzee akiingia cha upande wa pili. Kiti kikalia kwa uzito wake. Kisha feni, ambayo kwa mara ya kwanza niliisikia kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika, ikapungua, ikapungua, ikanyamaza.

Nilisimama katikati ya chumba cha mama mkwe na mwiko mkononi. Feni hunyamaza hesabu ikiisha. Feni hunyamaza pia betri ikifa. Upande wa pili mzee alipumua. Akakohoa. Nami nikakohoa. Alijua nipo, nilijua yupo, alikuwa na jibu la miaka yangu yote ya masomo mbele ya macho yake, umbali wa tofali moja. Lakini mama hakuwepo wa kutusemea. Kwa hiyo tulikaa kimya wote wawili, tukimsubiri. Mzee aliburuta kiti. Mimi nilikuna mwiko. Wali uliungua na nilisikia harufu yake na sikwenda.

Mama mkwe alirudi na miguu imejaa matope hadi magotini.

"Mzee! Mkwe amesimama hapa kama nguzo. Kuna nini?"

"Mwambie imesimama."

"Imesimama kwa kuisha au kwa kufa?" niliuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Anauliza kwa kuisha au kwa kufa?"

"Imeandikwa mia."

Mama alinigeukia. "Mia," alisema, akatazama mwiko, akanusa. "Na wali?"

Nilipofungua matokeo jikoni nilikuta kwamba faneli inashinda. Inashinda kidogo, kidogo sana kuliko nilivyotangaza. Chembe za kweli, zilizokaa ovyo, zilikuwa zimenila faida yangu karibu yote. Nilifikiria kwa muda mfupi maneno ambayo yangeweza kuifanya faida hiyo ionekane nene. Halafu nikaandika ilivyo, kwamba mhakiki alikuwa na haki na kwamba niliuona uji mahali penye changarawe. Simu yangu ilikuwa miongoni mwa zile zilizong'olewa, haina kitu, na Bujonde siku hiyo haikuwa na mtandao wa kusifia. Nikapanda bodaboda kwenye matope hadi Bondeni, kompyuta imefungwa kifuani kwa khanga, na yule mfanyabiashara akaniazima intaneti ya simu yake dukani, kati ya feni za meza na pasi. Alinitazama nikituma, akaniuliza kwa upole kama matundu yamepona.

Makala ilikubaliwa baada ya wiki chache. Mhakiki aliandika kwamba sasa hana pingamizi, sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata kitaaluma. Zikabaki taratibu za mwisho, na mojawapo ilikuwa aya ya shukrani: jarida lilitaka nimtaje aliyetoa mitambo iliyofanya hesabu. Vyuo vikubwa hapo hutaja vituo vyao vya kompyuta. Mimi nilipaswa kumtaja baba mkwe. Na mojawapo ya mambo ambayo mkwe wa kike hafanyi ni kulitamka jina la baba mkwe. Halitamki jikoni, halitamki kanisani, na sikuona sababu ya kuanza kulitamka kwenye jarida la sayansi ya betri. Niliandika: hesabu zote zilifanyika kwa umeme wa mwenye nyumba, Bujonde, Kyela. Msimamizi wangu alipiga simu kuuliza kama hicho ni kituo cha serikali. Nikamwambia ni cha binafsi.

Nilipokwenda tena, mama mkwe alinipeleka kwenye chumba chake, na nikaisoma aya ile kwa sauti, nikiitafsiri. Mama akairudia kwa ukuta, neno kwa neno, bila kupunguza kitu.

Fimbo iligonga sakafu mara moja.

"Mwambie, hakunitaja jina."

"Anasema hukumtaja jina."

"Ndiyo, mama."

"Anasema ndiyo."

Kiti kililia upande wa pili. Kikohozi kikasikika, kikitoka chumbani, kikizunguka kuelekea uani, nami nikaanza kutafuta pa kujificha.

"Mwambie," alisema akiwa tayari mlangoni, "amefanya vizuri."